Mbegu Zisizotaka Jua

Sokoni palikuwa hapapitiki siku binti yule, gauni la bluu, matope hadi magotini, alipomwekea fundi simu kitu mezani.

"Dada, hii simu uliizika?"

"Iliniponyoka nikiokota mbegu. Itapona?"

"Itapona. Mimi ndiye sijui."

Binti akacheka, na fundi wa watu kwisha habari yake.

Tangu hapo ikawa kupigiana simu asubuhi na jioni. Binti na wenzake walikuwa wakiotesha miche ya miti ya asili, waipande kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa uchi. Fundi alishamwona akianika mbegu za kila aina. Basi siku alipoachiwa kifuko, "Nitunzie, mpenzi, nakwenda kuchimba mashimo," akakifungua, akakuta mbegu zimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Masikini, akaona zitaoza! Akazianika juu ya bati, akawa anazigeuzageuza kwa mapenzi yake yote.

Binti aliporudi alipasua moja kwa ukucha. Uso ukamshuka.

"Hizi zikikauka zimekufa. Na mti wake umebaki mmoja tu, kule nyuma ya reli. Mwakani huenda usizae."

"Sikujua, mpenzi. Ungeniambia!"

"Ungeuliza!"

Akaondoka bila kuaga.

Fundi alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena, wapi! Kila simu ya mteja iliyolia ilimshtua, hadi akapasua kioo cha mtu. Je, ndiyo imetoka hiyo? Amkose kwa kosa alilolifanya kwa kumpenda? Akafunga kibanda mchana kweupe.

Chini ya mti ule alitambaa akipekua majani, roho juu. Mbegu nyingi zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Nzima akapata konzi moja tu. Akapiga tena, na safari hii ikapokelewa.

"Usikate, nakuomba! Niko nyuma ya reli. Nimepata konzi moja. Nimelilowesha shati, nimezifunga humo."

Akaibana simu sikioni.

"Shati gani?"

"Nililovaa."

"Kwa hiyo uko kifua wazi?"

"Na treni imepita. Abiria wamenipungia mikono."

Akasikia pumzi zikikatika upande wa pili. Analia, au anacheka?

"Zilete nyumbani sasa hivi," binti akasema.

"Na mama yako je? Nitaingiaje hivi?"

"Nitamwambia mkwe wake hana shati."

Fundi akasimama ghafla. "Mkwe? Umesema mkwe?"

"Tembea, bwana wewe! Zinakauka hizo."