Chupa Moja Kwenye Friji

—Mbona leo chupa ni moja?

Fundi lifti alikuwa ameinama mbele ya friji. Kila jioni, mwaka wa nne sasa, mkewe huloweka nafaka ya oti kwenye chupa mbili za jemu: maziwa, mtindi, zabibu kavu, kifuniko, basi. Zinalala humo, asubuhi ni kula tu. Mkewe ni muuguzi, anatoka alfajiri, hana muda wa kugombana na jiko.

—Hiyo ni yako, —mke alijibu huku akikunja sare zake na kuzipanga sandukuni.

—Na yako?

—Kesho saa kumi na mbili niko kwenye basi. Barua ya uhamisho si nilikuonyesha?

Alimwonyesha kweli, wiki tatu zilizopita, akamuuliza, "Tutahama wote?" Naye fundi akajibu neno lake lile lile: "Tutaona." Mtu mzima, kutwa anapandisha na kushusha wenzake ghorofa kumi, lakini kuamua jambo lake mwenyewe, ng'o!

—Kwa hiyo unaniacha?

—Sijakuacha. Naenda kazini. Aliyegoma kunyanyuka ni wewe.

—Si ungenikumbusha!

—Mume wangu, nimekuuliza mara tano. Ya sita ningekuwa ombaomba.

Hakupaza sauti, na hapo ndipo fundi alipoogopa. Angelia, angebembelezwa. Angetukana, wangepatana. Lakini huyu alikuwa anahesabu soksi. Fundi alimpenda mwanamke huyu, na kesho angeamka hayupo.

Akachukua chupa tupu kabatini. Akamimina oti, akamimina maziwa mpaka yakamwagika mezani.

—Maziwa mengi hayo, —mke alisema bila kugeuka.

—Umeonaje?

—Nimesikia.

—Hii ni yako, ya kula njiani. Ile nyingine yangu. Ya njiani pia.

Mke akaacha soksi.

—Maneno matamu hayo. Nimeyasikia mengi.

Fundi akatoa simu, akaandika mbele yake:

"Bosi, wiki hii siji. Nampeleka mke wangu kwenye kituo chake kipya. Nikirudi ni kumalizia mwezi tu, halafu nahamia huko."

Jibu likaja papo hapo: "Umeamua, au unanitania?"

Kidole kikaandika chenyewe: "Tutaona." Mke alikuwa amesimama begani kwake, anasoma. Fundi akatazama neno lile kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Akalifuta.

"Nimeamua."

Akatuma. Mke akarudi kwenye sanduku, akasogeza sare upande mmoja.

—Nguo zako weka hapa. Tatu tu, usinijazie.

Asubuhi, kwenye basi, kiti kilichobaki kwa fundi kilikuwa cha nyuma kabisa, karibu na injini. Mke akambembeleza abiria aliyekaa kando yake abadilishane kiti na fundi, naye akakubali shingo upande. Basi lilipotoka kituoni, fundi akafungua chupa zote mbili, akapapasa mifuko.

—Nimesahau vijiko.

—Najua.

Mke akatoa kijiko kwenye mkoba. Kilikuwa kimoja, alichokipakia jana mchana, alipojua anasafiri peke yake. Akaonja ile chupa aliyoitengeneza fundi, akakunja uso.

—Huu ni uji, baba.

—Kesho nitapunguza maziwa.

—Kesho? —mke aliuliza, akimtazama machoni.

—Kesho, —fundi alisema, akapokea kijiko.