Kifuniko Kilichovimba

Kila siku akitoka shule, Chapchap alipitia kwanza kwenye cherehani ya shangazi yake kuokota vipande vya vitambaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa haki: alifagia chapchap, alioga chapchap, na hesabu alizifanya chapchap mpaka mwalimu akashindwa kuzisoma. Shangazi alikuwa mshonaji wa sare, na mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: alipitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, huku anapiga soga na mteja.

Siku hiyo akakosa. Akakosa tena. Mara ya tano, kinyozi wa chumba cha jirani, aliyekuja kuchukua suruali yake, akacheka.

"Fundi, uzee umeingia bila kupiga hodi."

"Uzee wako mwenyewe," Shangazi akajibu, lakini maneno yalitoka mazito, kama ana pipi mdomoni. "Naona sindano mbili. Hata wewe mko wawili, na mmoja alikuwa ananitosha."

Kinyozi alicheka peke yake. Chapchap aliona kope za shangazi yake zimeshuka kama za mtu aliyekesha. Akampa maji. Yalimwagika kidevuni, hayakumezeka. Kinyozi akaiacha suruali pale pale, akakimbia kutafuta gari.

Hospitalini wote watatu walipokelewa na daktari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alimpima Shangazi joto, macho na koo.

"Homa hana, na akili iko sawa," alisema. "Lakini misuli ya macho na koo inalegea, na ulegevu unaendelea kushuka. Ukifika kwenye ile ya kupumulia, tutakuwa pabaya. Jana alikula nini?"

"Wali na maharagwe mabichi," Chapchap akasema. "Ya chupa. Tunayafunga wenyewe nyumbani."

Daktari akainua kichwa. "Nani aliyachemsha? Na kwa muda gani?"

Chapchap alilijua jibu. Jikoni kwao kulikuwa na sufuria ya presha, na ukutani karatasi ya Shangazi: dakika ishirini na tano, usipunguze hata moja. Mwezi uliopita aliachiwa kazi hiyo. Wenzake walikuwa wanaruka kamba nje na kumwita, basi dakika ya kumi akazima jiko. Juzi akakuta kifuniko cha chupa moja kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Sheria ya Shangazi ilikuwa kikivimba, tupa. Lakini kutupa kungeleta maswali. Akakilegeza, kikatoa hewa, psss, akakikaza tena. Hewa haijamuua mtu, alijiambia. Yeye mwenyewe hakuyala, maana yeye na maharagwe mabichi hawakuwahi kuelewana.

Sasa ingekuwa rahisi kusema aliyachemsha Shangazi. Shangazi hakuweza tena kutamka vizuri, alikuwa anamtazama tu kwa macho nusu.

"Ni mimi," Chapchap akasema. "Nilizima mapema. Na kifuniko kilikuwa kimevimba, nikakificha." Akaeleza yote, mpaka ile psss.

Daktari hakumgombeza. "Chupa iko wapi?"

"Jikoni. Sijaiosha."

"Leo uvivu wako umetufaa." Akamwambia kinyozi, "Kailete ndani ya mfuko. Usionje."

Kisha akashika simu. "Nahitaji antitoksini ya botulizimu, leo hii. Majibu ya maabara yatatukuta njiani." Akamgeukia Chapchap. "Kuna vijidudu vinavyopenda mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa. Mbegu zake haziuawi na maji ya kuchemka tu, ndiyo maana ya presha. Vinatoa sumu ya kulegeza misuli, na ugonjwa wake ndio botulizimu. Hiyo antitoksini ndiyo dawa inayoikamata sumu iliyo kwenye damu. Iliyokwisha kuingia kwenye neva haing'oki, hiyo mwili utaimaliza wenyewe polepole. Kwa hiyo kila saa ina maana. Usingesema, ningekuwa bado natafuta kiharusi."

Dawa ililetwa jioni, ikapitishwa kwenye mshipa. Mashine ya kupumulia ilisogezwa karibu na kitanda. Ilisimama pale siku nne, haikuwashwa. Siku ya tano Shangazi akameza uji, na Chapchap akalia kwa mara ya kwanza.

Wiki saba baadaye Shangazi alirudi kwenye cherehani. Alikosa tundu mara mbili, ya tatu uzi ukapita.

"Leo niko wangapi?" kinyozi akauliza.

"Mmoja. Na bado umezidi."

Jioni, jikoni kwao, sufuria ya presha ilikuwa inapuliza. Chapchap alikuwa amekaa mbele ya saa, mikono magotini.

"Shangazi, siku ile hospitalini ulinisikia?"

"Masikio hayakulegea." Shangazi akakaa karibu naye. "Siku ya kifuniko ungeniambia, ningekugombeza dakika tano, tukatupa chupa, tukacheka. Ulipoficha, nikalala hospitali. Ulipoulizwa ukasema, na ndiyo maana nimekaa hapa. Kukosea utakosea tena, mwanangu. Ila usinifiche."

Nje wenzake walikuwa wanamwita kwenye kamba.

"Bado dakika nne," Chapchap akawajibu, wala hakuinuka.