Tishu ya Sita

Mkokoteni ulikuwa umeshaanza kutembea. Juu yake kulikuwa na friji mbili zisizo na milango, mtungi wa gesi, kisanduku cha spana, godoro lililokunjwa na kiti kimoja. Nyuma yake, mkono mmoja ukishika kamba na mwingine redio, alikuwa fundi wa mafriji ambaye wateja wake wote walimwita Baridi. Alikuwa anahama, na kuhama hakukuwa kugeni kwake. Safari hii alimkimbia mwenye bucha mmoja. Baridi alikuwa akikwangua barafu kwa bisibisi katika friji ya bucha, akatoboa bomba, gesi ikatoka yote. Badala ya kusema "nimetoboa," alisema "gesi imeisha yenyewe," kisha akafungasha kwenda upande wa pili wa jiji. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mwizi wala mlevi, ila kosa lake likimshinda kulisema, aliliachia nyumba na kuondoka.

Kwenye soko la vifaa vya umeme watu walikuwa wamesongamana kama siafu. Gurudumu la mkokoteni likaingia kwenye shimo, friji moja ikayumba, ikamgonga begani mwanamke aliyekuwa amekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa.

"We baba wa mkokoteni! Huna macho?"

"Macho ninayo, dada. Breki ndiyo sina."

Hakutaka kucheka, lakini alicheka. Alivaa gauni la njano lililopauka mabegani kwa jua, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi, na vidole vyake vilikuwa na wino. Baridi aliweka kiganja juu ya kompyuta ile.

"Mgonjwa anaumwa nini?"

"Inachemka, inazima. Mafundi watatu wamenibadilishia feni."

"Feni inapepea tu. Friji haipepei nyama, dada. Kuna kitu kinazunguka, kinabeba joto huku, kinakwenda kulitupa kule. Na hii inataka maji."

"Maji ndani ya kompyuta? Jua limekupiga?"

"Maji ya kuzunguka kwenye bomba, siyo ya kuoga."

Mwanamke alimtazama, akaitazama mizigo, akakitazama kile kiti kimoja. "Unahamia wapi?"

"Sijui bado."

"Basi chukua namba yangu. Ukishajua, nipigie. Mimi mchora vibonzo vinavyotembea. Nina kobe anapanda ngazi mle ndani tangu miezi minane, na kila akifika ngazi ya kumi, mashine inazima."

Baridi alipata chumba siku hiyohiyo, mitaa miwili tu kutoka kwa mchoraji yule. Bahati ilikuwa na mkono, lakini miguu yake mwenyewe nayo ilisaidia.

Alimpigia. "Ni mimi, wa breki."

"Nilidhani umeshahama tena."

"Nimekwama. Kuna bega la mtu nimeligonga, linaniuma mimi."

Wiki tatu walijenga mfumo wa kuzungusha maji. Baridi alileta bomba la shaba kutoka friji bovu, akalikunja na kulichomea juu ya bamba la shaba lenye ukubwa wa kiberiti. Bamba hilo ndilo lingekaa juu ya ubongo wa kompyuta na kunyonya joto. Kwa wauza vyuma alipata redieta ndogo ya hita ya gari, kwa mfuga samaki akapata pampu ya tangi. Mipira ya plastiki ya kuona ndani iliunganisha vyote, kila kiungo kikikazwa kwa klempu, pete ya chuma ya kubana mpira. Maji yalikuwa yale safi ya betri, na ndani yake dawa ya redieta kidogo, yakawa ya kijani kama jani changa.

Katika nyumba ya mchoraji, walikojengea, alikuwamo pia mdogo wake, binti wa miaka kumi na tisa, jina lake la utani Cherehani kwa sababu ulimi wake ukianza haukupumua. Alikuwa anangoja usaili wa chuo cha uuguzi. Tarehe yake, Alhamisi, aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya kompyuta. Kando ya karatasi, dirishani, alikuwa na ua lake katika kopo, nalo alilipenda kuliko watu wengi.

"Shemeji," alisema siku ya pili tu.

"Nani shemeji yako?" dada yake akamkata.

"Huyu anayekuja kukaza klempu moja kwa saa nne. Klempu gani hiyo isiyokaza? Shemeji, ukimaliza kumpoza huyu kompyuta, mpoze na dada, maana tangu uje anachemka mwenyewe."

"Cherehani! Na hilo kopo lako litoe dirishani. Iko siku utanimwagia maji kwenye kazi."

"Nalimwagilia kwa kijiko, dada. Kijiko!"

Baridi alicheka mpaka akadondosha spana. Tangu azaliwe hakuwa amekaa kwenye nyumba ambayo watu wanamcheka na kumwekea sahani bila kumuuliza kama anakula.

Ikafika siku ya kujaribu. Sheria ya kazi ile ni moja, na Baridi mwenyewe ndiye aliyewafundisha: unawasha pampu peke yake, kompyuta haina umeme, unaweka tishu kavu chini ya kila kiungo, unaacha maji yazunguke siku nzima. Tishu zikibaki kavu, washa. Moja ikilowa, fungua uanze upya.

Viungo vilikuwa sita. Klempu zilizotosha zilikuwa tano. Cha sita alikifunga kwa waya, akauzungusha kwa koleo. Kesho yake asubuhi aliinama kukagua, mchoraji akiwa nyuma yake katika gauni lile la njano, amempumzishia kidevu begani.

"Leo ndiyo leo, Baridi wangu? Jumatatu ijayo nakabidhi kobe."

Ya kwanza kavu. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita ilikuwa na doa la kijani, dogo kama punje ya dengu.

Angeweza kusema, "Nipe siku moja nikatafute klempu." Maneno hayo hayana uzito. Lakini kidevu kilikuwa begani, na mtu aliyesubiri miezi minane alikuwa anapumua shingoni mwake. Akajiambia ni jasho la vidole vyake. Jasho la kijani! Akaikunja tishu, akaitia mfuko wa shati.

"Kavu," akasema.

Kompyuta ikawaka, kobe akapanda ngazi ya kumi, ya ishirini, ya arobaini. Mchoraji alimbusu fundi mbele ya mdogo wake, Cherehani akapiga kigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Siku tano baadaye, Jumamosi mchana, simu ililia.

"Njoo." Sauti ilikuwa imekauka. "Njoo, Baridi. Imekufa."

Alikuta wanawake wawili wamesimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kuigusa. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa chumba. Alizima swichi ya kompyuta ukutani, akapiga magoti. Chini ya kiungo cha sita kulikuwa na maji, yamepita juu ya bodi mpaka kwenye diski, ya kijani waziwazi. Mkono wake ukafanya kazi kabla ya kichwa: alitoa kitambaa cha kufutia grisi, akayafuta yote. Yalipokwisha, pakabaki unyevu tu, ndipo mchoraji alipothubutu kusogea.

"Ni maji?"

"Ni maji."

"Ya mfumo?"

Kabla hajajibu, macho ya mchoraji yalikuwa yameshapanda kwenye kopo la ua, moja kwa moja juu ya kompyuta. Akageuka.

"Nilikuambia. Mara ngapi nilikuambia?"

"Dada, kijiko..."

"Kijiko! Miezi minane sijaiwekea kazi nakala popote, miezi minane, na wewe unaniambia kijiko! Baridi, mwambie."

Baridi alikuwa bado amepiga magoti. "Maji ni maji, mpenzi," akasema. Hilo tu. Halikuwa uongo, na hakuna uongo aliowahi kusema uliokuwa mkubwa kuliko hilo.

Jumapili Cherehani alipanga nguo zake kwenye begi. Dada yake alikuwa amemwambia aende kwa shangazi yao, mwendo wa siku nzima kwa basi, asimwone kwanza. Baridi ndiye aliyembebea begi mpaka kituoni. Njia nzima yule binti hakusema neno. Cherehani ilikuwa imekatika uzi.

"Usaili ni Alhamisi," Baridi akamwambia kwenye dirisha la basi. "Utarudi?"

"Dada akiniita."

Jumatatu Baridi alisema moyoni, kesho nitasema. Jumanne mchoraji alikuwa analia, akasema moyoni, siyo leo, ataumia. Jumatano alifunga mzigo wake kwa kamba, akaufungua, akaufunga tena. Shati hakulibadilisha. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako; chake kilikuwa mfukoni, kimekunjwa mara nne.

Alhamisi saa nane mchana mchoraji alimpigia. "Hapokei simu zangu. Nilitaka kumwambia arudi, nikachelewa, hasira zilinipofusha. Wewe anakupenda. Mjaribu."

Akajaribu. Ikapokelewa.

"Shemeji." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu mzima aliyechoka. "Usaili umeshapita, eh?"

"Umepita asubuhi."

"Basi. Shemeji, nimefikiria sana. Nilikuwa naona nimemwagia kijiko kimoja, lakini labda vilikuwa viwili. Labda kopo lilitoboka chini, sikuangalia. Mwambie dada nimekubali kosa. Mwambie sibishi tena."

Baridi alishusha simu, akakaa juu ya kile kiti chake kimoja katikati ya mzigo uliofungwa. Kumwachia mtu kosa lako ni jambo moja. Kumsikia akilipokea, akililea, akilipatia hata jina, ni jambo jingine. Aliinuka. Mkokoteni aliokuwa ameukodi wa kuhamia ulikuwa nje, mwenye nao ameshafika.

"Tunaelekea wapi, fundi?"

"Nenda popote. Mimi siendi."

Mchoraji alifungua mlango na simu mkononi. "Amepokea?"

Baridi alipita ndani. Aliiweka tishu mezani, akaikunjua. Doa lilikuwa limekauka, lakini ukijani wake haukwenda popote.

"Hii ni nini?"

"Ya sita. Nilikuambia kavu."

Mchoraji alivua miwani, akaivaa tena. Akalitazama doa, akalitazama kopo la ua, ambalo chini yake, sasa alipoligusa, palikuwa pakavu kama unga.

"Ulijua lini?"

"Kabla hatujawasha."

"Na yale maji siku ile. Yalikuwa ya kijani?"

"Niliyafuta."

"Uliyafuta." Alilirudia lile neno polepole, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Kobe ningekusamehe, Baridi. Leo hii hii, wallahi, ningekusamehe. Kobe nitamchora tena. Lakini ulimbebea mtoto begi. Ulimbebea begi mpaka kwenye basi!"

"Najua."

"Toka. Na usiniambie mimi samahani, siyo mimi uliyeniuza."

Kesho yake alipanda basi. Akafika usiku, akalala kituoni, na asubuhi alimkuta Cherehani anaanika nguo nyuma ya nyumba, shangazi ameketi kizingitini na ungo wa maharage. Baridi hakungoja kukaribishwa. Alisema yote amesimama juani: waya, doa, kitambaa, maji ni maji.

Shangazi aliweka ungo chini. "Kwa hiyo wewe ndiye shemeji tuliyekuwa tunasifiwa hapa wiki nzima? Anakutetea, anasema shemeji aliumia kuliko wote!"

Cherehani alibana shuka kwenye kamba, kibanio kimoja, kibanio cha pili. "Pale kituoni," akasema, "uliniuliza kama nitarudi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniuliza nini hasa?"

Baridi aliinamia ndoo tupu ya nguo. Aliibeba mpaka mlangoni, shangazi akaipokea bila ahsante, na hakuna aliyemwambia akae.

Ilipita miezi mitano. Baridi hakuhama. Alirudi kwa mwenye bucha, akamwambia, "Bomba nililitoboa mimi," akatukanwa mbele ya wateja, kisha akalitengeneza. Mchoraji alimwona mara mbili sokoni, akapita upande wa pili.

Halafu asubuhi moja simu.

"Nina kompyuta mpya," ilisema sauti, bila salamu. "Inachemka."

"Weka feni."

"Nimeweka. Unajua mwenyewe feni inafanya nini."

"Inapepea tu."

"Njoo na klempu sita. Zihesabu kabla hujatoka nyumbani."

Alikuja nazo saba. Walifanya kazi bila utani. Jioni aliwasha pampu, akaweka tishu sita, akachukua kisanduku chake aondoke.

"Unakwenda wapi?"

"Ni siku nzima. Nitarudi kesho kukagua."

"Hukagui wewe." Mchoraji alivuta viti viwili, akaviweka kila upande wa meza. "Kesho unakuja asubuhi, nachemsha chai, unakaa pale, nakaa hapa. Tunazitazama zote sita mpaka jioni. Ukichoka kunitazama, itazame pampu."

Kesho yake wakakaa. Mchana kutwa maji ya kijani yalizunguka kati yao. Walizungumza kidogo, wakagombana mara moja juu ya chai. Jioni mchoraji aliokota tishu yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizipeleka dirishani kwenye mwanga. Ile ya sita aliigusa kwa mdomo, aone kama ina unyevu.

"Kavu," akasema. Kisha, bila kumtazama: "Kile kiti chako kimoja, kinatosha watu wawili?"

"Hakitoshi."

"Basi lete kiti kwangu, Baridi. Sisemi nimesahau. Nasema lete kiti."

Walioana mwaka uleule. Kobe alianzwa upya, akamaliza ngazi miaka miwili baadaye. Waliokuwa wamemwagiza walikuwa wameshachukua sungura wa mtu mwingine, kwa hiyo kobe huonyeshwa kwenye shule chache na hospitali moja. Mwenye bucha humwita Baridi kila friji ikilia. Shangazi alifariki akiwa amemsamehe, au alisema hivyo. Kompyuta haivuji. Cherehani alikosa mwaka mmoja, akaomba tena, akapata. Sasa ni muuguzi wa wodi ya watoto, na wenzake huko hawajui kama aliwahi kuwa na jina la utani, maana si msemaji. Kwenye ndoa alikuja, akala, akapiga picha. Hupiga simu kila Jumapili. Baridi akipokea, husema, "Nipe dada," naye humpa.