Karatasi Nyeupe ya Aliko

Mvua ya Kyela haina adabu. Ilimsukuma Aliko ndani ya ofisi ya simu na faksi pale sokoni, shati limemganda mwilini, akabanwa na foleni hadi mezani kwa Felista, mhudumu wa faksi. Binti alivaa gauni la kitenge cha samawati, kalamu kaichomeka nyweleni.

"Ugonile, dada," alisalimia Kinyakyusa. "Natuma maombi ya chuo, Ulaya. Shahada ya uzamili, uchumi na kompyuta pamoja."

"Pamoja? Hiyo shahada au pilau?"

Foleni nzima ilicheka. Aliko hakununa. Alimweleza: kompyuta ichambue bei za kokoa za miaka mingi, mkulima wa kwao Makwale ajue thamani ya mzigo wake kabla mlanguzi hajamlalia. Felista aliacha kucheka. Alimpenda palepale, tena vibaya.

Wakawa wapenzi. Kila mchana Aliko alipiga simu kutoka Kasumulu, alikokuwa karani wa mizigo mpakani.

"Mpenzi, faksi imekuja?"

"Bado. Unaniulizia mimi au mashine?"

"Mashine. Wewe najua upo."

Faksi ilikuwa imekuja. Amekubaliwa, wamemfadhili, ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Felista aliificha drooni. Miaka miwili Ulaya, nani angerudi Kyela kwa msichana wa faksi?

Alhamisi sauti ya Aliko ilikuwa imechoka. "Kimya hiki ni jibu. Wamenikataa, Feli. Nimemwambia mama aache kuniombea."

Felista alilia mbele ya wateja. Kesho yake asubuhi akampigia: "Njoo haraka." Aliko aliruhusiwa kazini mchana; saa tisa aliingia, akapewa karatasi.

"Nini hii?"

"Jibu lako. Lina siku kumi. Nililificha."

Aliko aliigeuza. Nyeupe pande zote. Maandishi ya faksi hufifia upesi; joto la paa la bati lilikuwa limeyafuta.

"Umeniua, Felista."

"Andika."

Felista akafumba macho, akaisema barua yote: jina la profesa, namba ya maombi, somo kwa somo, hadi salamu za mwisho.

"Umeikariri?"

"Nilikuwa naisoma kila siku hadi ilipofutika, nikitafuta walipoandika uje na mimi."

Aliko aliandika jibu. Mashine ililivuta polepole, ikalia. Saa kumi kasoro dakika tano.

"Imefika," Felista alisema.

Aliko alikunja karatasi nyeupe, akaitia mfukoni. Mlangoni akasimama.

"Nina hasira nawe. Kesho nitapiga simu."

"Lakini faksi nyingine haiji."

"Najua," alisema Aliko. "Nitapiga."