Uso Wenye Shavu Lililovimba

Kuku wangu walikuwa wameacha kutaga kwa sababu ya baridi, na maandazi ya Kanivali hayakandwi bila mayai. Jua lilikuwa linazama, na mume wangu alikuwa bado kazini bondeni. Nilimkataza binti yangu Nives asiguse jiko, nikajifunga shali, nikavuka njia kwenda kwa jirani yangu, Bibi Ines.

"Kuku wako wameanza Kwaresima kabla ya padri?" akaniuliza mlangoni.

"Wamechoka na kijiji hiki, Bibi, kama mimi. Nigawie sita."

"Nitakupa manne. Na usije ukanirudishia ya bata."

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, na kesho yake Jumatano ya Majivu. Jioni hiyo vijana wetu huvaa ngozi za kondoo, hujifunga kengele za ng'ombe kiunoni, na kila mmoja hufunika sura yake kwa uso wa mti aliouchonga mwenyewe. Hupita nyumba kwa nyumba bila kusema neno. Mwenye nyumba hukisia ni nani. Akipatia jina, kijana huvua uso, huketi, hula. Akishindwa, husema "Sikujui," humpa andazi, naye kijana huenda zake.

Mwaka uliotangulia mwanangu Ermes alipanda nao kwenda vitongoji vya juu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Uso wake aliukosea kuchonga, shavu moja likatokeza, akasema basi, huyu ana jino bovu. Kijiji kizima kilicheka. Walipokuwa njiani kurudi, theluji iliporomoka mlimani. Wenzake walichomoka. Yeye tulimpata Aprili, theluji ilipoyeyuka.

Uso wa mti hatukuupata.

Bibi Ines alinipa mayai, kisha akanishika mkono. Sauti yake ilishuka.

"Loretta. Akija, usimtaje."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Anayekufa amevaa uso hajui kwamba amekufa. Hurudi kwao akisubiri kutambuliwa."

"Bibi, nina unga unanisubiri."

"Kaka yangu Arturo alirudi hivyo hivyo. Mama akashindwa kujizuia, akalitaja jina lake. Arturo akavua uso, akaketi, akala. Asubuhi mlango ulikuwa wazi. Kitanda cha mdogo wetu kitupu. Nje kwenye theluji kulikuwa na nyayo za watu wawili... Anayeingia kwa jina lake hatoki peke yake. Nawe una Nives."

Nilimshukuru kwa mayai. Mtu akichoka hata kubishana humshinda.

Nilipofika katikati ya njia nikasikia kengele.

Moja tu.

Vijana hutembea kwa kundi, na kengele zao hupiga kelele kama ng'ombe wanaotoroka zizini. Hii ilikuwa inalia polepole. Ikilia, inanyamaza. Ikilia tena, iko karibu zaidi. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikavunja mayai kwenye unga. Ganda likaingia. Sikulitoa, masikio yangu yalikuwa nje.

"Mama, wameshaanza?" Nives akauliza. Alikuwa na miaka minane.

"Bado. Kaa hapa, nyuma yangu."

Nilikuwa nimetoka kuopoa andazi la kwanza kwenye mafuta, mlango ukagongwa. Mila hairuhusu kuuacha umefungwa Jumanne ile. Nikafungua.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Sufu iliyolowa, utomvu wa msonobari, na ile baridi ya chini ya theluji, inayonuka kama chuma. Kisha akaingia yeye. Ngozi ya kondoo ilikuwa inadondosha maji sakafuni.

Shavu moja la uso wake lilikuwa limevimba.

Nikamsikia Nives akivuta pumzi. "Mama, huyu ni..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Wewe ni Sandro," nikasema, nikimtaja mmoja wa wenzake.

Kengele ikatikisika. Si yeye.

"Basi ni mtoto wa fundi viatu."

Ikatikisika tena, kwa haraka. Akaegemeza bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, kama alivyokuwa akifanya kila alipotaka chakula kabla ya saa yake. Nikatazama ukuta. Akasogea kwenye rafu, akachukua kikombe kilichovunjika mkono, kikombe chake, ambacho tangu mazishi hakikuwa kimeguswa na mtu. Akakielekeza kwangu kwa mikono miwili. Vijana wakiona unakaribia kushindwa, hukusaidia hivyo, kwa ishara.

Alikuwa ananisaidia.

Alidhani mama yake hajui.

Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Chini ya kiganja changu machozi ya Nives yalikuwa yanauloweka unga. Alikuwa na joto. Nililishika lile joto.

"Sikujui," nikamwambia.

Nilimzaa kwenye chumba cha nyuma ya ukuta ule. Nikamwambia sikujui.

Akarudisha kikombe mahali pake, taratibu, kama nilivyomfundisha. Nikampa andazi la kwanza, lenye ganda la yai ndani. Vidole vilivyolipokea vilikuwa vyeupe, na andazi likaacha kutoa mvuke mkononi mwake. Kisha akatoka. Kengele ikaelekea mlimani, si kanisani ambako wenzake walikuwa wanakusanyika.

Baadaye kundi likaja na makelele yake. Niliwataja wote. Tullio, kiongozi wao, akavua uso akatazama sakafu.

"Mama Loretta, nani ametutangulia? Sisi huanzia kwako."

"Hakuna mtu. Nimemwaga ndoo."

"Na kengele tuliyoisikia?"

"Kula, Tullio, yanapoa."

Usiku Nives akageukia ukuta. "Alikuwa na baridi, Mama," akasema.

Anakuja kila mwaka. Bibi Ines alishakufa, na padri sikumwambia, maana angenipa sala na mimi ninazo za kutosha. Nasema Sandro, nasema mtoto wa fundi viatu, nasema sikujui. Kila mwaka ananionyesha kikombe kile kile. Kimo chake hakijaongezeka. Nives amempita kwa kichwa kizima.

Baada ya Pasaka Nives anaolewa bondeni. Baba yao tulimzika vuli iliyopita. Kanivali ijayo nitakanda unga peke yangu, na nyumbani humu hatakuwapo mtu mwingine wa kuchukuliwa.

Kiti cha Ermes nimeshakiteremsha darini. Nimekifuta vumbi, nimekiweka karibu na moto.