Kufuli Jekundu la Gunnar

"Ufunguo unao mkononi, Verna. Fungua hilo kufuli tuwashe pampu."

"Ufunguo ninao. Kufuli si langu."

Duane, meneja wa kambi ya wafanyakazi huko kwenye barafu, alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Walikuwa wamesimama kwenye chumba cha swichi, mbele ya kufuli jekundu lililofungwa kwenye swichi ya pampu ya akiba. Lebo yake ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu, jina Gunnar Lindquist, na namba ya simu. Pampu ya kwanza, inayozungusha maji moto kambi nzima, ilikuwa inakohoa tangu asubuhi. Nje baridi ilikuwa nyuzi arobaini chini ya sifuri. Pampu hiyo ikifa, mabomba yangeganda kabla ya chakula cha jioni.

Na Verna Oskolkoff, fundi mkuu wa umeme, mwanamke aliyewahi kumpakia fundi kwenye ndege ya kurudi kwao kwa kosa la kuazima ufunguo wa mwenzake, leo ndiye aliyeshika ufunguo wa mtu mwingine. Kwa mafundi wa huko, kufuli lako ni roho yako. Unalifunga mwenyewe kabla ya kugusa nyaya, na unalifungua mwenyewe ukimaliza.

Ameupataje sasa? Hapo ndipo kichwa chake mwenyewe kilipokuwa kinamzunguka.

Gunnar alikuwa mwenza wake wa zamu. Wiki mbili yeye, wiki mbili Verna; kazi moja, chumba kimoja, kitanda kimoja, na hawajawahi kulala humo pamoja hata siku moja. Huyu akishuka kwenye ndege, yule anapanda. Katikati wana dakika ishirini za kukabidhiana kazi, na ni katika dakika hizo, kwa miaka miwili, mapenzi yalipoota kama magugu. Verna alianza kumwachia kwenye friji samaki wa moshi wa kwao Ninilchik. Gunnar akajibu kwa jemu aliyoipika mwenyewe. Zikafuata simu, kisha simu ndefu. Yeye mgane, Verna ameachika, basi nani wa kuwauliza?

Makabidhiano ya juzi yalikuwa ya ajabu. Gunnar aliruka nusu ya daftari, akamshika Verna mkono mbele za watu, akasema kuna kitu amemwachia chumbani, akikiona amjibu. Kisha akakimbilia ndege kama anayefukuzwa na dubu. Chumbani Verna alikuta bahasha juu ya mto. Ndani mlikuwa na ufunguo mdogo na karatasi: "Huu ni wako. Fungua."

Afungue nini? Alijaribu kabati, droo, hata sanduku la chuma la Gunnar lililo chini ya kitanda. Haukuingia popote. Leo asubuhi ndipo alipoliona kufuli kwenye swichi, namba 214, akautazama ufunguo. Namba 214.

Alishindwa kuelewa. Wanaume wengine huleta pete, huyu anampa ufunguo wa kufuli la kazi. Yalikuwa mapenzi au dharau? Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini bila kosa hawezi kufanya mchezo na kufuli. Sasa kama si mchezo, ni nini?

Alipiga simu yake. Imezimwa. Akaandika ujumbe:

"Gunnar, kufuli lako liko kwenye pampu ya akiba. Nipigie sasa hivi."

Haukufika. Duane akamwonyesha namba iliyo kwenye lebo. Haikuwa ile aliyozoea Verna kumpigia Gunnar. Alipiga, akapokea mwanamke.

"Nyumbani kwa Lindquist."

"Namtafuta Gunnar. Ni mambo ya kazi."

"Kaenda kwenye kibanda chake huko mlimani. Simu hazishiki huko. Nani mwenzangu?"

"Verna, wa kazini. Na wewe ni nani?"

"Mimi ninaishi hapa. Mwaka wa kumi na moja huu."

Verna aliegemea ukuta. Gunnar alimwambia mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Alijaribu kupiga hesabu, ikakataa.

"Ngoja," sauti ikasema. "Wewe ndiye Verna wa samaki?"

"Samaki gani?"

"Wa moshi. Gunnar hawali, wanampa kiungulia. Nawala mimi wote. Wale wa Desemba ulizidisha chumvi."

Verna hakujua acheke au alie. Miaka miwili mwanamume anamwambia samaki ni watamu, kumbe hajawahi kuwatia mdomoni. Aliyeweza kudanganya kuhusu samaki atashindwa kudanganya kuhusu mke?

"Samahani, nikuulize waziwazi. Wewe ni mkewe?"

Yule mwanamke alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, nina miaka themanini na mbili. Mimi ni mama yake Karen, mkewe aliyekufa. Tulipomzika nilifunga mizigo niondoke. Gunnar akaifungua, akazirudisha nguo zangu kabatini. Tangu siku hiyo anaogopa kuoa asije akaniudhi. Mwezi uliopita nilimfukuza mwenyewe aende akanunue pete."

"Pete?"

"Hajakwambia? Basi na mimi sijasema kitu. Namtuma jirani akamwite."

Saa moja ilipita, pampu ya kwanza inazidi kukohoa. Verna alikaa pembeni yake na spana kama muuguzi anayemkesha mgonjwa. Hatimaye simu ikaita.

"Verna, sijui nianzie wapi. Nilikuwa na funguo mbili mfukoni. Nilitaka kukuachia wa sanduku langu. Huo ulionao ni..."

"Najua ni wa nini."

"Nilizichanganya kwa haraka. Fungua tu, mpenzi. Nimekuruhusu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ukiandika ripoti, kazi sina."

"Hilo nalijua pia."

Gunnar akashusha sauti.

"Unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda, Gunnar. Sasa nijibu na wewe. Umeacha nini ndani ya ile pampu?"

Verna alisogeza simu karibu na sikio.

"Sikumbuki," alisema Gunnar.

"Basi panda ndege ya saa nane. Njoo ufungue mwenyewe."

Alipokata simu, machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa glovu yenye grisi. Duane alijifanya anasoma lebo. Verna akavuta kiti, akaandika ripoti: jina, saa, namba ya kufuli, na ile bahasha. Hakuacha kitu. Kila neno lilikuwa linamfukuzisha kazi mtu anayempenda, na aliyaandika yote.

Gunnar aliingia saa kumi na moja, theluji ingali mabegani. Hakumsalimu mtu. Verna alimpa ufunguo, naye Gunnar akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kufungua kisanduku cha nyaya cha pampu. Mle ndani kebo nene ya shaba aliyoitumia kwenye majaribio yake ilikuwa bado imefungwa, imeziunganisha nyaya zote na ardhi. Kama mtu angewasha, swichi ingemlipukia usoni. Na wa kuwasha angekuwa Verna.

Gunnar aliketi sakafuni.

"Ningekuua," alisema.

"Ndiyo."

Waliondoa kebo, wakakagua kila kitu mara mbili, wakawasha. Pampu ya akiba ilinguruma vizuri. Verna akamletea ripoti na kalamu, Gunnar akatia saini bila kuisoma. Kabla ya chakula simu ya makao makuu ilikuwa imefika: kazi ya huko kwenye barafu imekwisha kwake, aondoke na ndege ya kesho.

Kwa mara ya kwanza waliingia wote wawili katika chumba chao. Kilikuwa kidogo kuliko kila mmoja alivyokijua. Gunnar alivuta sanduku la chuma, akampa Verna ufunguo mwingine. Ndani mlikuwa na jemu, na pete juu ya kitambaa.

"Nilipoinunua nilikuwa na kazi," alisema. "Sasa sina. Sitakulaumu ukikataa."

"Gunnar, miaka miwili, kila nikifika nyumbani wewe uko huku. Nikishuka Anchorage safari hii, utakuwa wapi?"

Alifikiri. Ilimchukua muda, kisha uso wake ukabadilika.

"Nitakuwa uwanjani nakusubiri."

"Basi nimekubali. Lakini fundi umeme havai chuma kidoleni akiwa kazini. Nenda nayo, uje nayo."

Siku kumi na mbili baadaye Verna alishuka Anchorage. Gunnar alikuwa mlangoni, amenyoa ndevu, ameishika pete tangu kwenye gari asije akaisahau. Pembeni yake, kwenye kiti cha magurudumu, bibi kizee mwenye kofia ya sufu alimkagua Verna kuanzia buti mpaka nywele.

Verna alipiga magoti mbele yake, akaweka mapajani mwake furushi la gazeti lililonuka moshi.

"Mama, nimepunguza chumvi. Uonje, maana nyumba ile ni yako, na mimi ndiye mgeni."

Bibi alifungua furushi palepale, akamega kipande, akatafuna taratibu.

"Gunnar," alisema, "mvishe pete huyu."