Kura za Wapangaji wa Songdal

Sanduku la kura halikuwepo. Meza ilikuwepo, kitambaa cheupe kilikuwepo, lakini juu yake hapakuwa na kitu.

Inspekta Pyo Seung-bae alisimama mlangoni mwa ukumbi wa wazee wa mtaa wa Songdal, akihema. Kilima kile cha Seoul hakikuwa na barabara ya gari, ni ngazi tu mpaka juu, na magoti yake hayakuwa na hamu ya kazi siku hiyo. Wala yeye mwenyewe.

"Kufuli?" alimwuliza msaidizi wake, Sajini Gil.

"Halikuvunjwa, afande. Ni la namba, na namba anaijua kila mzee anayekuja hapa kucheza karata."

"Alama za vidole?"

"Za mtaa mzima."

Pyo alivua viatu akaingia.

Jana yake wapangaji wa Songdal walikuwa wamepiga kura. Kwa mara ya kwanza manispaa ilikubali kufuata watakalosema: nyumba za kupanga za bei nafuu zijengwe papo hapo kilimani, au wapewe pesa za kuhamia wakakae mji wa mbali. Kura zilikuwa zihesabiwe asubuhi hii. Mzee Maeng, aliyekuja kufungua ukumbi, ndiye aliyekuta meza tupu.

Nje watu walikuwa wamemzunguka mwanamume mmoja mwenye koti refu.

"Mwizi si huyo hapo! Mnatafuta nini ndani?"

"Mvueni hilo koti, sanduku litaanguka!"

Alikuwa Bwana Tak, mwakilishi wa kampuni ya ujenzi. Kampuni yake ilikitaka kilima chote, ijenge maghorofa ya wenye nazo. Pyo alimvuta pembeni.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa mlangoni, siku nzima."

"Ukifanya nini?"

"Nikisalimia watu. Kusalimia ni kosa, Inspekta?"

"Ulikuwa ukiwauliza wamepiga kura gani."

"Kuuliza si kulazimisha. Na majibu yao yalinifurahisha. Wote wanataka pesa waondoke. Sasa niibe kura zinazonifaa, nina wazimu?"

Pyo hakumpenda mtu yule, lakini hoja yake ilikuwa na mashiko. Alirudi ndani akatazama sakafu. Nje theluji ilikuwa imeyeyuka ikawa tope tupu. Ndani hapakuwa na hata tone. Majira ya baridi yaliyopita, vijana wa kampuni walipokuja kuwatisha wazee, waliingia na mabuti juu ya sakafu ambayo watu hulia chakula na kulalia. Songdal walikuwa hawajawasamehe.

Ukimulika nyoka anzia miguuni pako. Pyo aliitazama miguu yake yenye soksi, akashusha pumzi.

"Mwizi alivua viatu, Sajini."

"Kumbe ni mwizi mwenye adabu zake?"

"Mwizi mwenyeji. Na hilo ndilo linalonichosha."

Kesho yake alipanda tena ngazi zile na Sajini Gil, safari hii kwenda kwa mwenyekiti wa wapangaji, Bibi Ok Bun-rye. Mtaa mzima ulimheshimu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwadai wakubwa jambo moja tu: wapangaji waulizwe. Kiangazi kilichopita alikaa mbele ya ofisi za manispaa akanyolewa kichwa kizima, hadharani, kwa kupinga. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi na nyeupe. Siku ya kura alikuwa amekaa ndani ya ukumbi, karibu na mlango, akiwapokea watu.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Bibi."

"Uongo mtupu. Uso umekupauka hivyo, umekula nini? Kaa. Na wewe binti, kaa."

Aliwaandalia wali, supu ya maharage ya soya, na sahani ya kimchi, ile kabichi ya pilipili isiyokosekana mezani. Pyo alitia kipande mdomoni. Kilikuwa kichachu mno.

"Hii ni ya mwaka jana, Bibi?"

"Ya juzi. Wanawake walishinda uani wakiosha kabichi. Tumetengeneza ya majira yote ya baridi."

Pyo aliacha kutafuna. Kimchi ya juzi, katika baridi ile, haichachi upesi namna hiyo. Alizungusha macho chumbani. Pembeni, juu ya sakafu yenye moto wa kupasha nyumba, ndoo za kimchi zilipangwa na kufunikwa blanketi. Ukutani palikuwa na friji ya kimchi, ile ya kufunguka kwa juu kama kasha, ikinguruma.

Pyo alilelewa na bibi yake mzaa mama. Alijua kwamba mwanamke wa umri ule anaweza kusahau jina la mkwewe, lakini hawezi kuacha kimchi ya majira ya baridi juu ya sakafu yenye moto. Labda friji iwe imekufa. Au iwe imejaa kitu kingine.

"Friji imeharibika, Bibi?"

"Imeharibika."

"Mbona inanguruma?"

Bibi Ok alimsogezea bakuli la supu.

"Afungue Sajini, au utafungua mwenyewe?"

"Kula kwanza," alisema. "Nitafungua. Wewe kula kwanza."

Pyo alikula. Alimaliza bakuli zima. Kisha bibi akainuka, akafunua kifuniko. Sanduku la kura lilikuwa ndani, limefungwa kwa khanga ya kubebea mtoto mgongoni.

"Lakiri haijavunjwa, afande," Sajini Gil alisema baada ya kuinama kulichunguza.

"Hukulifungua?" Pyo aliuliza.

"Nifungue nikaone nini? Nilikuwa nimeshawasikia."

"Umewasikia nini?"

"Nilikaa pale mlangoni, mwanangu. Kila aliyetoka nilimsikia. 'Tumechoka, Bwana Tak. Tupe chetu tuondoke.' Mmoja baada ya mwingine! Hata Maeng, aliyeninyoa kichwa kwa mkono wake huku analia. Hata Maeng!"

"Ukarudi jioni."

"Nikarudi, nikalibeba mgongoni kama mtoto. Watu walidhani ni kabichi."

"Wewe ndiye uliyepigania waulizwe, Bibi."

"Nilipigania. Wakaulizwa, wakajibu kwa kunitoa nyumbani kwangu. Mume wangu alifia chumba hiki. Nyinyi vijana mnahama. Mimi nihamie wapi?"

"Ilikuwa sauti yao."

"Najua. Unadhani nimelala tangu juzi?"

Pyo alimhurumia, na huruma ile ilimkera. Yeye mwenyewe alipanga chumba mbali nje ya jiji, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza lolote kuhusu nyumba.

Ofisa wa manispaa alilikagua sanduku, akakubali kuwa lakiri ni nzima, kisha akatikisa kichwa.

"Limelala nje ya ulinzi, Inspekta. Kura imebatilika."

"Basi wapige tena."

"Muda umepita. Kamati itaamua yenyewe. Hatutawasumbua tena wananchi."

Sanduku likawa kidhibiti tu. Kituoni walilifungua ili kuorodhesha yaliyomo. Sajini Gil alihesabu, akahesabu upya. Karibu wote walitaka nyumba zijengwe papo hapo kilimani.

Pyo alimwita Mzee Maeng.

"Ulimwambia Tak unataka kuondoka."

"Ulitaka nimwambie nini? Mwenye nyumba wangu anakula naye sahani moja. Ningemjibu vingine, kesho vyombo vyangu vingekuwa nje." Mzee alikunja uso. "Mdomo nilimpa Tak. Kura niliipa Songdal. Kura ni siri, si ndivyo Ok alivyotufundisha? Kwani amesemaje?"

Pyo alishuka hadi chumba cha mahojiano. Bibi Ok alikuwa amekwisha kutia sahihi maelezo yake ya kukiri kosa. Alikaa wima, mikono mapajani.

"Mmelifungua?"

"Tumelifungua."

"Walisemaje?"

Angeweza kumdanganya, na uongo huo ungempa bibi usingizi. Aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Bibi, huna haja ya kujua."

"Niambie. Nimewanyima wengine kuwasikia. Mimi nisikie."

Akamwambia. Akamweleza pia ya Tak pale mlangoni, na alichosema Maeng.

Bibi Ok hakulia. Alikaa akiitazama meza, midomo ikicheza bila sauti.

"Miaka yote hiyo," alisema hatimaye, "nilikuwa natafuta nani anayewaziba mdomo."

Kisha akamwomba Pyo asimruhusu Maeng kuja kumwona.